Kumrudi mtoto si kumchapa

Kumrudi mwanafunzi ni kumtoa kwenye kosa na kumrejesha pale alipotakiwa kuwa. Bakora haimo katika maana hiyo. Lakini mwalimu Mkristo akisema "nimemrudi", mara nyingi amekusudia kuwa amechapa, na ushahidi wake ni Mithali 13:24: ampendaye mwanawe humrudi mapema.

Hebu tulisikilize neno lenyewe. Ni lile lile la kurudi nyumbani, na asili yake ya Kiarabu, radda, ni kurejesha. Mtu akiacha ulevi tunasema amejirudi, wala hapana anayedhani kwamba alijichapa. Waebrania 12:6 inasema Bwana humrudi ampendaye, kisha inaongeza kwamba humpiga kila mwana amkubaliye. Kupiga kumetajwa, hilo halifichiki, ila kumetajwa kwa kitenzi chake, si kwa kurudi. Na Wagalatia 6:1, inapomzungumzia aliyeghafilika katika kosa, inaagiza "mrejezeni upya" kwa roho ya upole.

Kinachotuchanganya zaidi ni tafsiri. Kigiriki, lugha ya Agano Jipya, kina neno paideia, litokanalo na pais, mtoto. Ni malezi yote yanayomkuza. Biblia ya Union imelipa sura nyingi: adabu katika Waefeso 6:4, marudia katika Waebrania 12:5, adhabu katika aya ya 11 ya sura hiyo hiyo, na kuadibisha katika 2 Timotheo 3:16. Adabu na adhabu zinakaribiana mdomoni, lakini kwa Kiarabu mizizi yake ni mbalimbali: adab ni mwenendo mwema, adhab ni mateso. Anayeshika "adhabu" peke yake ameshika kipande tu cha neno. Tena Waefeso 6:4 inaanza kwa kukataza: msiwachokoze watoto wenu.

Kwa Wakristo wa Unguja jambo hili ni zito zaidi. Kanisa Kuu la Mkunazini limejengwa palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa 1873, na madhabahu yake, kwa masimulizi ya pale, imesimama ulipokuwa mti wa kuchapia watumwa.

Darasani, utaratibu uko Mathayo 18:15: kwanza wewe na yeye, peke yenu. Mtoto kanakili hesabu za mwenzake? Mwite kando baada ya kipindi, aseme mwenyewe alichofanya, azifanye upya mbele yako, kisha arudi kwenye nafasi yake na kosa lisitajwe tena. Akikaidi, ndipo mshirikishe mtu wa pili, mzazi au mwalimu wa darasa. Mwalimu mkuu ni wa mwisho. Wengi huanzia mwisho, mbele ya darasa zima, na mtoto hujifunza kuficha. Kumtoa nje nako humkosesha somo, akaingia kipindi kinachofuata akiwa nyuma zaidi. Na kumnakilisha aya za Biblia kama adhabu ni kuigeuza Biblia bakora.

Basi mwalimu, ukichapa, tafadhali sema umechapa. "Nimemrudi" iache mpaka mtoto awe amekaa tena kwenye dawati lake, na hesabu zake amezifanya mwenyewe.