Kiboko kiliondoka, nidhamu je?

Ndani ya matatu za Nairobi, wanafunzi wakipiga kelele hakosekani mzee wa kusema: "Walimu walinyang'anywa kiboko, ona sasa." Ni kweli kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kikakataza pia mateso ya kiakili. Ila hakuna sheria iliyosema mtoto aachwe tu.

Tunakosea kudhani kwamba mtoto anajua la kufanya, ni ukaidi tu. Tazama mfereji wa maji wakati wa mapumziko, tuseme katika shule ya Kayole. Wanasukumana, kikombe kinaanguka, mmoja analia. Chapa watano; kesho watasukumana tena, maana hakuna aliyewaonyesha foleni inaanzia wapi. Mwalimu mwerevu huchora mstari kwa chaki, akawapeleka pale darasa zima kabla ya kiu, wakajizoeza kusubiri na kusema "mimi nilitangulia" bila ngumi. Aliyesubiri vizuri anasifiwa kwa jina. Madarasa yakitoka kwa zamu, msongamano wenyewe unapungua.

Mtoto akikosea kujumlisha tunamfundisha upya. Akishindwa kuzuia hasira, tunamwita mtundu!

Wachache watahitaji zaidi: kikundi kidogo, au mwalimu mshauri. Wengine wana njaa tu, na hapo chaki haisaidii. Kuwajibishwa nako kupo: aliyemwaga maji makusudi anapiga deki.