Hesabu za mafumbo kidato cha sita: asilimia ya nini?

Wengi wanaokosa mafumbo kwenye mtihani wa kidato cha sita aljebra wanaijua. Wanapotelea pale sentensi inapogeuzwa kuwa mlinganyo, tena sentensi ya Kiingereza kwa mtu aliyezoea kuhesabu kichwani kwa Kiswahili.

Tuchukue karafuu. Mbichi kilo 90, zimeshachambuliwa na makonyo yamewekwa kando, zina maji asilimia 70. Zinaanikwa mpaka maji yabaki asilimia 10. Zitakuwa na uzito gani?

Jibu linaloandikwa sana ni 36. Mtu anatoa 10 kwenye 70, anapata 60, anakata asilimia 60 ya 90 ambayo ni kilo 54. Kosa ni kwamba ile 70 ni ya kilo 90, na ile 10 ni ya uzito mpya ambao bado haujulikani, kwa hiyo hazitolewi moja kwa nyengine. Kila ukiona asilimia, andika pembeni yake kwa penseli: ya nini?

Halafu tafuta kisichobadilika. Jua linachukua maji tu. Sehemu kavu ilikuwa asilimia 30 ya 90, yaani kilo 27, na baada ya kuanikwa ni kilo 27 zile zile, ila sasa ndizo asilimia 90 ya uzito mpya. Uite uzito huo k: 0.9k = 27, basi k = 30. Wakulima wa Pemba wanajua kuwa mbichi kilo tatu hutoa kavu kama kilo moja, kwa hiyo 30 inaingia akilini. Irudishe nyuma ile 36 uone: 27 kati ya 36 ni asilimia 75, maji yamebaki asilimia 25. Karafuu hizo ukizitia gunia zitaota ukungu.

Mafumbo ya mwendo nayo ni hivyo hivyo. Mashua inatoka Mkokotoni kwenda Tumbatu kwa kilomita 6 kwa saa, inarudi kwa 4. Wastani si 5. Kisichobadilika ni umbali, na saa za kurudi ni nyingi kuliko za kwenda. Shika umbali wowote unaogawika, tuseme 12 (si umbali wa kweli, lakini utajikata wenyewe): saa 2 kwenda, saa 3 kurudi, kilomita 24 kwa saa 5, wastani 4.8.

Mtego mwengine ni herufi. "Skuli ina wanafunzi mara 20 ya walimu." Tuseme w ni idadi ya wanafunzi na m ni idadi ya walimu. Watu huandika 20w = m, kwa kufuata mpangilio wa maneno. Herufi inasimama badala ya idadi, haifupishi jina. Tia namba: walimu 10, wanafunzi 200. 20 × 200 haiwi 10, kwa hiyo ni w = 20m. Ukaguzi huo hauchukui hata dakika moja. Vivyo hivyo "5 pungufu ya x" ni x − 5, hata kama 5 imetangulia.

Kabla ya kufunga swali, soma tena sentensi yake ya mwisho. Kama kwenye karafuu waliuliza maji yaliyopotea, 30 haina alama ya jibu. Wanataka kilo 60.