Je, wajua kwa nini anayetaka uofisa jeshini India anaoneshwa picha isiyo na kitu?

Yaani mmekaa ukumbini, picha inatokea ukutani kwa sekunde 30 halafu inatolewa, unapewa dakika 4 uandike stori yake: huyu nani, kimetokea nini, mwisho itakuwaje. Zinapita 11 hivyo, ya 12 inakuja nyeupe pee, na stori unatakiwa uandike vilevile.

Hiyo ni SSB, bodi inayochuja wanaotaka kwenda kusomea uofisa India, siku 5 nzima. Picha zikiisha yanakuja maneno 60, kila neno sekunde 15, ukiliona tu andika sentensi. Mbona wanawakimbiza hivyo? Kwa sababu ukimpa mtu muda anatunga, swali la "wewe ni jasiri?" nani atajibu hapana? Ila ukikimbizwa unaandika kilicho karibu kichwani, na ile picha tupu huna pa kuiba, unaijaza mwenyewe. Stori moja haisemi kitu, mwanasaikolojia anatafuta kinachojirudia, mfano kila mhusika wako anakaa tu anasubiri kuokolewa.

Mambo haya yametoka kwa Waingereza. Kabla ya 1942 wao walichagua maofisa kwa intavyuu fupi, ulisoma shule gani, baba anafanya kazi gani, na wengi waliopita hivyo wakawa wanafeli kozi. Ndo mwaka huo wakaanzisha bodi mpya, wakaweka na madaktari wa akili, mmoja wao Wilfred Bion, ambaye Vita ya Kwanza alipigana kwenye vifaru. Jaribio lake kwangu mimi ndo kiboko: kikundi kinapewa kazi, labda kuvusha gogo, kiongozi hateuliwi, wapimaji kimya wanaangalia. Kila mtu anataka aonekane yeye lakini gogo haliendi bila wenzake, kwa hiyo anayempokonya mwenzie kamba anaonekana, na anayesema "we shika huku, mi naingia chini" anaonekana pia.

India wanalo mpaka leo, mna namba vifuani, gogo na kamba. Na japo siku hizi kuna vituo kibao vya tuisheni vinavyofundisha stori za kuandika, mwanasaikolojia anasoma karatasi zako, ofisa mwingine anakuhoji, wa tatu yuko uwanjani, kila mtu na maksi zake. Kama karatasini wewe shujaa na kwenye gogo ulijificha nyuma, siku ya 5 wote watatu wanakaa meza moja.