Jaribio Lilipima Nini? Kuzisoma Habari za Tiba ya Mzio wa Karanga

Kila baada ya muda husambaa habari kwamba dawa ya mzio wa karanga imepatikana, na wazazi ambao watoto wao huvimba midomo na kubanwa kifua kwa kuonja tu kashata ya karanga huwauliza madaktari dawa hiyo itafika lini. Wana haki ya kuuliza, lakini lipo swali linalopaswa kutangulia: jaribio lililozaa habari hiyo lilipima nini hasa? Kupona mzio ni jambo moja, na kukingwa dhidi ya kula karanga kwa bahati mbaya ni jambo jingine. Majaribio makubwa yaliyokamilika hadi sasa yamepima zaidi hilo la pili.

Mzio huu hutokea pale mfumo wa kinga ya mwili unapozihesabu baadhi ya protini za karanga kuwa adui na kutengeneza kingamwili za aina ya IgE dhidi yake, hivi kwamba protini hizo zikiingia tena mwilini, seli zilizobeba kingamwili hizo humwaga histamini na kemikali nyingine zinazoleta vipele, kutapika, kubanwa pumzi au hata mshtuko wa mzio unaoweza kuua. Kipimo cha damu au cha kudungua ngozi huonyesha kuwa kingamwili zipo. Hakisemi mhusika atadhurika kwa kiasi gani, na wapo watu wenye kingamwili hizo ambao hula karanga bila tatizo lolote. Kwa sababu hiyo watafiti hulazimika kufanya jambo linalowashangaza wengi: kumlisha mgonjwa kitu kile kile kinachomdhuru.

Zoezi hilo hufanyika kliniki, adrenalini, yaani dawa ya dharura ya kutuliza mshtuko wa mzio, ikiwa tayari pembeni. Mtoto hupewa chakula laini kilichochanganywa na unga wa karanga uliopimwa kwa miligramu za protini, akianza na kiasi kidogo mno, kisha dozi huongezwa hatua kwa hatua, kila moja ikifuatwa na kipindi cha kumchunguza ngozi, pumzi na shinikizo la damu. Siku nyingine hupewa chakula kinachofanana na kile kwa rangi, harufu na ladha lakini kisicho na karanga. Mtoto, mzazi na daktari anayemchunguza wote hawajui siku ipi ni ipi. Usiri huo una maana yake, kwa kuwa hofu peke yake yaweza kumfanya mtoto aumwe tumbo au ajikune, na daktari anayejua kilichomo kwenye bakuli anaweza kuona vipele visivyokuwepo.

Punje moja ya karanga ina takriban miligramu 250 hadi 300 za protini. Msomaji akikikumbuka kipimo hicho, takwimu za majaribio zitamwelea vizuri zaidi.

Tuchukue jaribio lililoitwa PALISADE, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018 na kuchangia Marekani kuidhinisha, Januari 2020, unga wa karanga uliotengenezwa kama dawa kwa ajili ya watoto wa miaka 4 hadi 17. Walioshiriki walikuwa wameshadhurika kwa miligramu 100 au chini ya hapo, yaani chini ya nusu punje. Watoto 372 walipangiwa kwa bahati nasibu kumeza unga huo kila siku, na 124 wakapangiwa unga bandia. Dozi ya kwanza ilikuwa nusu miligramu. Ilipandishwa kwa miezi kadhaa hadi miligramu 300, kisha wakabaki hapo kwa wiki 24. Mwishoni, asilimia 67 ya waliopata dawa waliweza kumeza dozi ya miligramu 600 wakiwa na dalili hafifu tu au bila dalili kabisa, ikilinganishwa na asilimia 4 ya waliopata unga bandia. Watoto 76 wa kundi la dawa hawakufika mwisho wa jaribio, na watafiti, kama inavyostahili, hawakuwaondoa kwenye hesabu. Takwimu inayowataja waliomaliza peke yao hupendeza kuliko hali halisi, na kwa maoni yangu hilo ndilo jambo la kwanza la kukagua katika habari yoyote ya tiba mpya.

Miligramu 600 ni kama punje mbili. Inatosha kumwokoa mtoto aliyeuma keki bila kujua kuwa ina karanga; haimruhusu kula bakuli la karanga. Hata idhini yenyewe inamtaka mgonjwa aendelee kuepuka karanga katika mlo wake, awe na adrenalini karibu, na aendelee kumeza dozi yake kila siku.

Faida hiyo ina gharama yake. Katika jaribio hilo hilo, asilimia 14 ya watoto waliokuwa kwenye dawa walihitaji adrenalini wakati wa matibabu, dhidi ya asilimia 6.5 ya wale wa unga bandia, na uchambuzi wa majaribio 12 uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kuwa tiba ya kumeza huongeza mshtuko wa mzio ikilinganishwa na kuepuka karanga tu. Homa, mazoezi mazito au kuoga maji ya moto karibu na muda wa kumeza vinaweza kuifanya dozi iliyozoeleka ilete madhara. Hivyo basi, mzazi asijaribu tiba hii nyumbani kwa kusaga karanga za sokoni. Punje moja ina protini mara 500 au zaidi ya dozi ya kwanza ya jaribio, na kijiko cha jikoni hakiwezi kupima nusu miligramu.

Njia nyingine zinafuatiliwa pia. Sindano ya omalizumabu, inayozinasa kingamwili za IgE kabla hazijaleta madhara, iliwawezesha asilimia 67 ya washiriki kumeza miligramu 600 dhidi ya asilimia 7 ya waliodungwa sindano bandia, nayo iliidhinishwa Marekani Februari 2024 kwa mzio wa vyakula. Kibandiko cha ngozi kilichobuniwa Ufaransa kina kisa chenye funzo: kwa watoto wa miaka 4 hadi 11, waliofanikiwa walikuwa asilimia 35.3 dhidi ya 13.6 ya kibandiko bandia, tofauti ambayo ni ya kweli, lakini jaribio halikuvuka kigezo ambacho watafiti wenyewe walikuwa wamejiwekea kabla ya kuanza. Kigezo kikishawekwa hakibadilishwi matokeo yakionekana.

Jaribio lililouliza swali la kupona waziwazi ni IMPACT, lililochapishwa mwaka 2022 kwa watoto 146 wa umri wa mwaka 1 hadi 3. Baada ya wiki 134 za tiba ya kumeza, asilimia 71 walistahimili miligramu 5,000. Kisha watoto walikaa wiki 26 bila karanga wala dawa, na walipojaribiwa tena, waliobaki na ustahimilivu huo walikuwa asilimia 21 tu. Wadogo zaidi kwa umri ndio waliofanikiwa zaidi.

Umri huo mdogo ndio uliolengwa pia na jaribio la LEAP la London, lililotangazwa mwaka 2015, ambalo halikutibu bali lilikinga: watoto 640 wa miezi 4 hadi 11, wenye ukurutu mkali au mzio wa mayai, waligawanywa, nusu wakala vyakula vya karanga kila wiki na nusu wakaviepuka hadi umri wa miaka 5. Mzio uliwapata asilimia 17.2 ya walioepuka na asilimia 3.2 ya waliokula. Kwetu Afrika Mashariki, ambako karanga husagwa ndani ya uji wa lishe, matokeo hayo yanaweza kusomwa kama ruhusa ya jumla. Kwa watoto wengi wasio na dalili za mzio hakuna ubaya, mradi karanga iwe imesagwa laini na kuchanganywa vizuri kwenye uji, kwa kuwa punje nzima humkaba mtoto mchanga. Lakini watoto wa LEAP walipimwa ngozi kwanza, na 76 ambao kipimo chao kilivimba kupita kiasi walikataliwa kushiriki. Mtoto mwenye ukurutu mkali, au aliyewahi kudhurika kwa mayai, apelekwe kwa daktari kabla ya kijiko cha kwanza cha uji wenye karanga.