Kompyuta ikizima na skrini ya bluu, pima ram kabla ya kufomati

Wengi wanaotuletea laptopu hapa kitengo cha ICT wanakuja wakiwa washamlipa fundi wa mjini afomati, yaani afute diski na kuweka Windows upya, tena si mara moja, na mashine bado inazima. Inauma, kwa sababu hiyo pesa ingenunua ram mpya, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta.

Sikieni wapendwa, ram ikiwa mbovu kufomati hakusaidii kitu. Windows mpya lazima ipitie kwa ram kabla iandikwe kwa diski, sasa ikipita hapo penye hitilafu inaandikwa ikiwa imeshaharibika, ndio maana shida inarudi hata kabla hujafika nyumbani.

Utajuaje? Ram mbovu haina mpangilio. Leo inazima ukiandika barua, kesho ukiangalia video, na jina la kosa kwa skrini ya bluu linabadilika, mara MEMORY_MANAGEMENT, mara PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA. Piga picha na simu kila likitokea. Kama ni jina lile lile na unafanya kitu kile kile, shuku draiva kwanza, ile programu ndogo inayoendesha kifaa kama printa au kadi ya picha.

Kupima ni bure. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mdsched, ukubali iwake upya ijipime. Lakini hiyo huwa inapitisha ram yenye ubovu wa kujificha, kwa hivyo ikisema iko sawa na mashine bado inazima, weka programu ya kupima ram inayoitwa Memtest86+ kwa flashi, washa kompyuta kutoka hapo na uiache usiku kucha ikiwa kwa chaja. Kosa likitokea hata moja tu, usiseme ni dogo, ram nzuri inatakiwa kuwa na makosa sufuri.

Usikimbie Luthuli Avenue, kule maduka ya elektroniki Nairobi, bado. Zima mashine, toa chaja na betri kama inatoka, gusa chuma kwanza umeme wa mwilini utoke, halafu chomoa ram na usugue yale meno ya dhahabu polepole na raba safi ya kufutia penseli, pangusa unga wote, rudisha mpaka isikike imeshika. Mara nyingi ni vumbi tu ama ilikuwa imelegea. Kama ziko mbili, pima moja moja kwa sloti (nafasi ya kuchomekea ram) ile ile, kisha uzibadilishe sloti: kosa likifuata ram, ni ram, likibaki kwa sloti, hapo ni ubao mkuu wa kompyuta (motherboard) na ram mpya haitakuokoa. Kwa desktopu zima XMP (mpangilio wa kuongeza kasi ya ram) kwa BIOS, ile menyu ya mipangilio kabla Windows haijawaka, kabla hujalaumu chochote.

Ukienda kununua beba ile ya zamani, maana ram ziko aina tofauti, DDR3 haiingii kwa sloti ya DDR4. Laptopu zingine ram imechomelewa kwa ubao kabisa, hizo ni kazi ya fundi mwenye vifaa.

Halafu faili zako, tafadhali sana, usizinakili wakati ram mbovu bado iko ndani kwa sababu nakala inaweza kuharibika bila hata onyo. Toa ile mbovu kwanza, ama chomoa diski uinakili kwa kompyuta nyingine.