Nani Kakwambieni Babu Zetu Hawakuwa na Habari?

Juzi tulikuwa msibani Pongwe, hapa Tanga, tumekaa mkekani tunangoja kahawa, kijana mmoja akaanza: "Wazee wetu wakati wa mkoloni walikuwa gizani. Jembe na kodi, basi. Magazeti yalikuwa ya Wazungu." Nikameza kahawa ya moto mpaka ikaniunguza koo. Msibani mtu habishi. Lakini hapa si msibani, na mimi miaka yangu naimalizia kwenye makaratasi ya zamani ya mkoa huu na kwenye vibaraza vya wazee, kwa hiyo nitasema.

La kwanza nalipitisha haraka. Wamisionari wa Magila, pale Muheza, walichapa gazeti la Habari za Mwezi kwa Kiswahili karne ya 19 haijaisha. Kiongozi lilitoka hapa hapa Tanga mjini, shule ya serikali ya Wajerumani, mpaka Waingereza walipouteka mji 1916. Januari 1923 likaja Mambo Leo kutoka Dar es Salaam. Yote Kiswahili. Walowezi walikuwa na lao, Usambara-Post, kwa Kijerumani; hilo ndilo la Wazungu. Tumemalizana.

Kinachoniudhi hasa ni kinachofuata. Ukishamwambia mtu hayo, anakuletea hesabu: nakala ngapi zilifika kijijini? Wangapi walijua kusoma? Anapata idadi ndogo, anafunga mada kama aliyeshinda kesi.

Nimewahi kukabidhiwa nakala ya Mambo Leo iliyokaa miaka na miaka kwenye kasha la mzee mmoja Muheza. Ilikunjwa mara nne, na mikunjo imelika mpaka imetoboka. Mtu akaibandika kwa nyuma na kipande cha karatasi ya daftari, kwa gundi ya unga wa muhogo. Pembe ya chini, kulia, ni nyeusi ti kwa mafuta ya vidole. Tone la mafuta ya taa limeenea katikati ya shairi. Karatasi ya mtu mmoja haichakai hivyo. Ile imesomwa usiku mbele ya kibatari, kwa sauti, na kijana mmoja aliyepita shule, na wengine kumi wanamkatiza: "Hebu rudia hapo!" Asubuhi hao kumi wanatawanyika, huyu shambani, yule gulioni, na kila mmoja ana mdomo. Ukihesabu nakala, hesabu na masikio.

Ila gazeti la mwezi halikumsaidia mtu kwa nzige, na hapa wenzangu wanaolipenda gazeti kupita kiasi nao nawagombeza. Nzige walipoivamia nchi mwanzoni mwa miaka ya 1930, mkulima hakungoja chapa ya Dar es Salaam. Alitaka kujua kitu kimoja tu: jana wamelala wapi? Akiambiwa na wapita njia kwamba wamelala kilima cha jirani, alfajiri nyumba nzima inavunja mahindi mabichi, maana heri ya kuchoma leo kuliko mabua matupu kesho. Muhogo wanauacha. Majani yataliwa, lakini mzizi uko chini. Habari ya namna hiyo ilitembea kwa miguu, na ikiwa ya uongo umeshaharibu mahindi yako. Kwa hiyo watu walijua vizuri sana nani wa kuaminiwa na nani mzushi.

Halafu mkonge. Mjerumani mmoja, Hindorf, aliuleta 1893, na miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Miaka si mingi baadaye mtu wa huku akawa wakulima wawili ndani ya kanzu moja: ana mihogo na minazi yake, na ana kipande. Kipande kilikuwa kadi ya kibarua wa mkonge, vyumba 30, kila siku ya kazi na chumba chake. Siku haiandikwi mpaka ngwe, yaani sehemu ya kazi uliyopimiwa, imekwisha na mnyapara kuridhika. Isipoandikwa, jasho lako limekwenda bure. Vyumba vijae vyote ndipo uone mshahara. Basi mnyapara wa shamba fulani "anakula siku"? Ngwe za kule ni ndefu? Hiyo ndiyo iliyokuwa habari ya ukurasa wa kwanza, na haikuhitaji mtambo. Shamba lenye sifa mbaya lilikosa watu. Wasimamizi wakaandika kwamba wenyeji ni wavivu. Wavivu! Mtu amelinganisha ngwe za mashamba matatu, akaona heri apalilie muhogo wake. Leo angeitwa mchumi. Nao manamba, vibarua wa mkataba waliotoka Songea na Kigoma, hasa baada ya SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge ya kuandikisha vibarua, kuanzishwa 1944, kila mmoja alikuwa gazeti zima la kwao.

Sasa nami niungame. Walioliandikia Kiongozi wengi walikuwa walimu, makarani na watu wa serikali. Wakiniambia mvua imenyesha au simba ameonekana, nawaamini. Wakisifu utulivu wa wilaya, sijui nisome utulivu au woga. Na wazee wangu wa kibarazani nao wana yao. Mmoja alinisimulia, kwa mikono na miguu, vita vya Tanga vya Novemba 1914, nyuki walivyowavamia askari wa Waingereza waliotoka India, mpaka nikajikuta najikuna. Nilipopiga hesabu ya umri wake, hajazaliwa.

"Babu, wewe ulikuwapo?"

Akanitazama kama mtoto mjinga. "Sikuwapo. Nilisomewa."

Nikamuuliza na nani, kalamu tayari, nikingoja jina la mwalimu au karani. Akasema dada yake, aliyesoma kwa masista, na kwamba alikuwa akiwasomea uani jioni, wenzake wakimenya muhogo. Na mimi hapo juu nimekuandikieni "kijana mmoja aliyepita shule", na nina hakika nyote mmemwona mvulana.