Bagamoyo na Ugogo: yanayosemwa na yaliyokuwa

Itaje Bagamoyo kwenye kijiwe cha kahawa hapa Dodoma, utaambiwa habari za watumwa, kisha za Wajerumani, kisha za samaki. Yote yana ukweli ndani yake, ila yamechanganyika na makosa yaliyozoeleka mno. Mji ule unatuhusu watu wa kanda ya kati kuliko tunavyofundishwa, ndiyo maana nayaandika haya.

Wengi hudhani misafara ya biashara ya kwenda bara ilianzia Bagamoyo kwa sababu ilikuwa na bandari nzuri. Bandari yenye kina haikuwepo, na haipo. Ufuko ni tambarare, na maji yakitoka hubaki mchanga mtupu hadi mbali. Majahazi yalitia nanga nje, mizigo ikashushwa mabegani na watu waliopita majini hadi kiunoni. Mpaka leo, kabla ya mnada wa samaki, vijana huteremsha ndoo kutoka kwenye mashua kwa namna ileile, mchuruziko wa maji ya chumvi ukiwapita shingoni. Kilichoibeba Bagamoyo ni kutazamana na Unguja ng'ambo ya mkondo, na kuwa mwisho wa njia ya bara. Meli za moshi zilipohitaji kina, udhaifu ule ukaonekana: mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao yao makuu Dar es Salaam.

Dhana nyingine ni kwamba kila aliyeingia Bagamoyo na mzigo kichwani alikuwa mtumwa. Watumwa walipita pale na kuvushwa Unguja, na uchungu huo haufutiki. Lakini bidhaa kuu ya njia hii ilikuwa pembe za ndovu, na wapagazi wengi, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira na kurudi kwao na vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Katika karne ya 19, bandari ya pwani ya bara iliyosafirisha watumwa wengi zaidi ilikuwa Kilwa Kivinje. Kuwaita wapagazi wote watumwa ni kuwanyang'anya babu zetu ufundi wao.

Kaburi la David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Scotland, nalo haliko Bagamoyo. Alifariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, na moyo wake ukazikwa hukohuko. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili hadi pwani, wakafika Bagamoyo Februari 1874. Mazishi yalifanyika London.

Wapo pia wanaoamini Bagamoyo imeshaingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Bado. Tangu 2006 imo kwenye orodha ya maeneo yanayopendekezwa, kama sehemu ya njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe, pamoja na Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Michoro ya miambani ya Kondoa, mkoani kwetu, iliingia kwenye orodha yenyewe mwaka huohuo.

Kosa linaloniuma zaidi ni kuichukulia Ugogo, nchi ya Wagogo, kama pori ambalo misafara ililipita tu. Msafara ukitoka Bagamoyo ulipanda milima ya Usagara, ukapumzika Mpwapwa penye maji, kisha ukakabili Marenga Mkali, nyika isiyo na maji ya kutegemea. Baada ya hapo ulikuwa mikononi mwa watemi wa Kigogo. Kila mtemi alidai hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa kawaida vitambaa, na majadiliano yangeweza kuchukua siku kadhaa huku wapagazi wakila akiba. Wageni waliandika malalamiko mengi juu ya hongo hiyo. Mimi naiona halali: visima vilikuwa vya Wagogo, mtama na uwele vilikuwa vyao, na kwenye ardhi kame kama hii maji hayatolewi bure kwa maelfu ya wapita njia. Hata vita vya pwani vilifika huku. Abushiri, aliyeongoza upinzani dhidi ya Wajerumani kuanzia 1888, alishambulia kituo chao cha Mpwapwa mwaka 1889, kabla ya kukamatwa na kunyongwa Pangani Desemba mwaka huohuo.

Je, Bagamoyo iliporomoka kwa sababu biashara ya watumwa ilikoma? Biashara ya pembe iliendelea kuilisha kwa miaka mingi baadaye. Pigo kubwa lilikuwa reli ya kati, iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma 1910 na Kigoma 1914. Reli iliyoikuza Dodoma ndiyo iliyoinyima Bagamoyo mizigo.

Lakini kuiita mji uliokufa si sawa. Chuo cha sanaa kipo tangu 1981, mafunzo ya uvuvi yanatolewa Mbegani, na Ruvu na Wami zinapoingia baharini wavuvi bado wanavua kamba.